Vikombe Vitatu vya Mama Wekesa

Nyambura, mama yangu,

Mambo ya blanketi, ya jiko la gesi, ya kupanga chumba karibu na hospitali na ya kuwaepuka wanaume wenye maneno laini, mama yako ameyamaliza yote. Nimemsikia tangu tulipotoka kanisani. Hivi sasa yuko sebuleni anakunja sare zako kwa mara ya tatu, nawe umeshuka soko la Kariokor kununua akala, vile viatu vya matairi, eti matope ya magharibi hayataziweza. Mimi nimejifungia chumbani. Nimeweka sinia juu ya magoti, na juu ya sinia karatasi hii. Kesho alfajiri utaondoka, na hujarudi bado, kwa hiyo nina muda kidogo.

Ninaandika kwa sababu nikifungua mdomo nitafundisha. Unanijua. Ndugu yako Kevo huanza kutafuta viatu vyake mara tu ninaposema "sababu yake ni hii," na juzi nilimsikia akimwambia rafiki yake pale ngazini, "Toka mbio, buda ameanza darasa." Nilicheka, maana ni kweli. Nimeishi kwa kueleza. Niliwaeleza wagonjwa, nikawaeleza wauguzi, nikastaafu nikaja kuwaeleza majirani wa hapa Kayole kwa nini wachemshe maji yanayoletwa na mkokoteni. Hunisikiliza kwa adabu, kisha huyanywa vivyo hivyo. Ninachotaka kukuambia leo si somo. Ni kosa nililolifanya kabla hujazaliwa, na afadhali ulisikie kwangu kabla hujafika mahali lilipotokea.

Siku barua yako ya kazi ilipofika na tukaona jina la hospitali, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kuna harusi gani. Ulisema, "Baba, si hii ndiyo hospitali yako? Watanipokea kama mjukuu wao." Nikauliza wamekupanga wapi. Ukasema wodi ya watoto. Nikasema wodi ile ni ngumu, hasa miezi ya ukavu, watoto wanapoanza kuhara. Ukanishika bega, ukaniambia, "Kuhara tu, Baba. Na siku hizi kuna chanjo."

Nilikwenda kusimama pale kwenye kamba za nguo, nikajifanya naangalia kama shati langu limekauka.

Hukukosea. Chanjo ipo, yale matone anayodondoshewa mtoto mdomoni akiwa na wiki chache tu duniani. Mimi niliiona wodi ile kabla ya matone na baada yake, na huwezi kunipata nikiyadharau. Lakini hayamfikii kila mtoto. Kuna wanaozaliwa mbali na zahanati, kuna ambao mama zao walifika siku ambayo jokofu lilikuwa limeharibika wakaambiwa warudi, wasirudi. Na hata aliyeyapata huweza kuugua, ingawa si kwa ukali ule wa zamani. Hao ndio utakaowakuta kitandani.

Nivumilie, hapa nitafundisha kidogo. Ndani ya utumbo mdogo kuna vijidole visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kunyonya maji na chakula. Virusi vya rota huvipukutisha kama nzige walioshuka kwenye shamba la mtama. Vitaota vingine. Mwili wa mtoto unajua kujitengeneza, tena bila kutuuliza sisi. Taabu ni zile siku chache kabla havijaota, ambapo maji yanamtoka juu na chini, na mtoto wa miezi minane hana akiba. Hatuna dawa ya kuua virusi hivyo. Hatukuwa nayo wakati wangu, na ninyi hamnayo. Tunachofanya ni kurudisha maji kwa kasi ile ile yanayotoka, tukisubiri. Wewe umeyasoma haya chuoni kwa majina marefu zaidi, lakini ukifika kitandani utaona kwamba kazi yenyewe ni ya kusubiri huku mikono ikifanya kazi.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane. Msimu ukifika, kila kitanda kilibeba watoto wawili, hata watatu, na mama zao wamekaa pembeni miguu ikining'inia. Harufu yake utaitambua hata ukiwa umefumba macho. Ni chachu, kama nguo iliyomwagikiwa maziwa ikasahauliwa. Muuguzi wa wodi alikuwa Sista Rispa, huyo huyo atakayekupokea kesho kutwa. Atakuambia mengi juu yangu, na mengi yatakuwa ya kunisifu. Hili ninalokuandikia hatakuambia, ingawa alikuwapo.

Mimi nilikuwa kijana, tabibu mmoja kwa hospitali nzima. Cheo cha daktari sikuwa nacho, lakini watu waliniita hivyo nami sikuwasahihisha. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, nilisimama katikati ya wodi nikawafundisha akina mama. Nilikuwa na ubao. Nilichora utumbo, nikachora na debe linalovuja, nikaeleza kwa nini debe linalovuja halizibwi kwa kuacha kulijaza. Nilijivunia sana lile debe. Akina mama waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, daktari," kama watu walio katika sala, na kulikuwa na mmoja aliyezoea kunipigia makofi nikimaliza. Sista Rispa alikuwa akisimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Siku moja aliniambia, "Daktari, hawa wakikubali haraka hivi, mimi huogopa." Nilidhani ananitania, nikacheka.

Mama Wekesa alikuja kwenye baiskeli ya shemeji yake. Alikuwa msichana bado, hata ishirini sidhani kama alikuwa ameifikisha, na Wekesa alikuwa mtoto wake wa kwanza. Miezi minane. Nilimkuta macho yamezama, kinywa kimekauka, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake ilirudi polepole. Lakini nilipompelekea kijiko cha maji alikirukia kwa mdomo wazi. Mtoto anayekirukia kijiko hivyo, Nyambura, hupona. Vitabu vinasema hivyo, na baada ya miaka yangu yote mimi pia nasema hivyo. Gari la kutuletea vifaa lilikuwa limechelewa, na kabatini mwa Sista Rispa zilibaki chupa tatu za dripu, ambazo tulikubaliana tuzitunze kwa mtoto asiyeweza tena kumeza. Wekesa hakuhitaji dripu. Alihitaji mtu wa kumpa kijiko, atulie, ampe kingine, mchana kutwa.

Nilimpa mama yake kikombe cha plastiki cha maji ya pakiti, yale yenye chumvi na sukari, nikamweleza. Nilimweleza vizuri mno. Nilimwambia habari za vijidole, nikamwonyesha debe ubaoni, nikamwambia atoe kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, na kwamba mtoto akitapika asikate tamaa, angoje kidogo kisha aendelee polepole zaidi. Hilo la kutapika lilikuwa neno moja katikati ya maneno ishirini. Yeye alikuwa akitazama viatu vyangu, maana ndivyo alivyolelewa kumsikiliza mtu mkubwa, na kila nilipotua aliitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, daktari."

Nikaenda zangu. Nje foleni ilikuwa imefika langoni.

Adhuhuri nilipita wodini mbio mbio. Kikombe kilikuwa kitupu. Nikauliza kama amekunywa, naye akasema amekunywa. Nikaweka alama kwenye karatasi, na Sista Rispa akajaza kingine. Alasiri nikapita tena, kikombe kitupu tena. Jioni kabla ya kwenda nyumbani, kitupu. Vikombe vitatu, nikaviandika vyote kwa wino. Mtoto alikuwa amelala, nikamwambia mama yake kwamba usingizi ni mzuri, utampumzisha. Sikuifinya ile ngozi mara ya pili. Sikumpa kijiko nione kama bado anakirukia. Nilitazama kikombe, nikaridhika.

Asubuhi niliitwa kabla sijamaliza chai. Wekesa alikuwa baridi mikononi na miguuni, macho nusu wazi, na nilipompa kijiko maji yalitiririka shavuni. Tulifungua chupa mojawapo. Nilitafuta mshipa wa mkono, nikakosa. Nikatafuta wa mguu. Mtoto aliyekaukiwa mishipa yake hujificha, huwa kama uzi uliozama kwenye unga. Tukanyoa nywele kidogo juu ya sikio, nikapata mmoja kichwani, ukapasuka. Nikarudi mkononi. Sista Rispa alikuwa amemshika kichwa, ananitazama mimi, si mtoto, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua tunampoteza. Tulikuwa na dripu, Nyambura. Ilikuwa inaning'inia pale juu, imejaa, na hatukuwa na njia ya kuiingiza ndani ya mtoto aliye chini yake. Alikufa wakati watu wa jikoni wanaingiza ndoo ya uji.

Ndipo mama yake aliposema, taratibu, bado akitazama viatu vyangu:

"Daktari, ni mimi nilikunywa. Usinikasirikie."

Alieleza vipande vipande. Vijiko vya kwanza mtoto alivitapika. Wanawake wawili wazee waliokuwa na wajukuu kwenye kitanda cha pili walimwambia, "Wacha tumbo ipumzike kwanza. Si unaona ukimpa ndiyo anaendesha zaidi?" Na kweli aliona hivyo kwa macho yake. Hakuweza kuwabishia wazee. Hakuweza kunibishia mimi. Basi akatuheshimu sote. Tumbo la mtoto akaliacha lipumzike kama wazee walivyosema, na kikombe akanirudishia kitupu kama nilivyotaka kukiona. Kumwaga dawa ya hospitali kulimwia vigumu, kwao hakuna anayemwaga dawa, kwa hiyo akainywa mwenyewe. Vikombe vyote vitatu.

Ningeweza kusema lolote wakati ule. Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi nilisema, mbele ya wodi nzima, mbele ya wale wazee wawili, "Nilikueleza, mama."

Akasema, "Ndiyo, daktari. Ulinieleza."

Kisha akamweka Wekesa mgongoni, akamfunga kwa leso yake ya kubebea kama anavyofungwa mtoto mzima, akamfunika kichwa ili watu wa njiani wasijue, akatoka. Shemeji yake alikuwa akimsubiri langoni na baiskeli. Sista Rispa alikiosha kile kikombe akakirudisha kabatini, na siku ile yote aliniita kwa jina langu, hakuniita daktari.

Baada ya hapo niliuacha ubao. Sikuuvunja wala sikuapa kitu, niliuegemeza tu ukutani, na wiki zikapita. Nilianza kukaa kitandani, pale pembeni, nikimwambia mama, "Nionyeshe unavyompa." Nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nikiwa nimesimama. Niliona mama anayejaza kijiko pomoni kwa sababu ana haraka mtoto apone. Niliona mama anayegeuza uso mtoto akitapika, kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyetapika mbele ya wageni. Wale wanawake wazee niliacha kuwachukia. Niliwaomba wasaidie. Bibi mmoja wa kule, aliyekuwa mkali kuliko sista yeyote, alizunguka wodi na kijiko akiwaambia wasichana, "Pole pole, wewe. Unamnywesha ndovu?" Watoto wengi walipona mikononi mwake. Hayo ndiyo Sista Rispa atakayokusimulia, na ndiyo yaliyonifanya nikawa daktari mwema katika midomo ya watu.

Lakini usidhani nilikuwa nimegundua kitu. Msimu uliofuata aliletwa msichana mdogo, hata mwaka hajamaliza. Mshipa niliupata mara ya kwanza. Dripu ilikuwapo. Mama yake alikuwa hodari, na mimi mwenyewe nilikaa na kijiko tangu asubuhi mpaka alasiri, nikawaacha wagonjwa wa nje wakinung'unika. Kila kitu kilifanywa jinsi kinavyopaswa kufanywa. Akafa vilevile, kijiko kikiwa bado mkononi mwangu. Huyo hakufa kwa kosa la mtu. Labda aliletwa amechelewa, labda kulikuwa na ugonjwa mwingine chini ya huo, sijui, hatukuwa na vipimo. Kwa miaka yote nimejaribu kumtenganisha na Wekesa. Najiambia huyu wa kwanza ni wangu, huyu wa pili si wangu. Hawatengani. Nikimkumbuka mmoja, mwingine naye anakuja.

Utakutana na wa namna zote mbili. Ningependa nikufundishe kuwatambua, nami sijui.

Sasa nikuambie jambo linalokuhusu, ambalo mama yako hulisimulia kwa kifupi kwa sababu halipendi. Ulipokuwa na miezi kumi na mmoja ulishikwa na ugonjwa huu huu. Matone yalikuwa hayajafika nchini. Mimi nilikuwa kule, ninyi hapa Kayole, chumba kimoja, choo kimoja kwa wapangaji wote wa ploti, na mfereji wa kuchotea maji ulikuwa mkavu wiki nzima. Mama yako alinipigia kwa simu ya mwenye duka, amekaa nje juu ya kreti ya soda, wewe mapajani. Mimi nilikuwa nimeazima simu ya karani wa hospitali. Zahanati alikuwa ameshakwenda, wakampa pakiti na vidonge, wakamwambia arudi nyumbani akakunyweshe.

Nilikuwa na kila neno linalohitajika. Nilikuwa nimeyasema mara elfu. Na sikuweza kumwambia hata moja, kwa sababu niliogopa atajibu "nimeelewa." Nilimwambia tu aisogeze simu karibu na mdomo wako. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Nikauliza kama umemeza, akasema umemeza. Nikangoja. Nikasema, "Mpe tena." Nikasikia unatapika, nikamsikia mama yako akivuta pumzi kwa hofu, na mwenye duka akisema uachwe kwanza. Nikasema, "Ngoja kidogo, nipo." Tukangoja sote, yeye kule na mimi huku, halafu nikasema, "Haya, mpe." Tulifanya hivyo, sijui kwa muda gani, mpaka salio likakatika katikati ya kijiko.

Nilisimama nikiwa na simu ya mtu mkononi, haisemi kitu. Karani alikuwa akiisubiri. Nchi nzima ilikuwa kati yetu. Nilirudi wodini nikakaa kwenye kitanda cha mtoto wa mtu mwingine, nikachukua kijiko chake, nikaendelea, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, mwenye duka alipiga simu. Hakunisalimu. Alisema, "Daktari, bibi yako anasema nikwambie msichana amekojoa." Karani alishangaa kumwona mtu mzima analia kwa sababu mtoto amekojoa. Utakapokuwa umekaa kule miezi michache hutashangaa.

Si elimu yangu iliyokuponya. Ulipona kwa mkono wa mama yako, na labda kwa bahati, na mimi nilikuwa sauti iliyokatika. Ninakuambia hili kwa sababu najua siku itakuja utanipigia simu kutoka kule. Hutakuwa unauliza kitu. Utakuwa umesimama nyuma ya jengo la wodi, pale penye tenki, na nitakusikia unapumua. Nami nitakuwa hapa ghorofa ya nne, nikiangalia Spine Road, na sitakuwa na la kukupa. Najua hivyo tangu leo. Usije ukadhani baba yako ana neno lililofichwa ambalo angelitoa kama ungemsihi. Sina. Nitakaa tu kwenye simu.

Bado jambo moja, na ndilo lililonifunga chumbani humu.

Nilipohamishwa kutoka kule, walinifanyia karamu ya kuniaga chini ya turubai. Mama Wekesa alikuja. Alikuwa amezaa watoto wengine watatu, wote wazima, mmoja amemshika sketi. Alikuwa amebeba kuku jike aliyefungwa miguu, na unajua kwao kumpa mtu kuku ni kumpa heshima yote uliyo nayo. Alisimama mbele ya watu, safari hii akanitazama usoni, akasema anamshukuru daktari. Akasema mtoto wake wa kwanza alimpoteza kwa ujinga wake mwenyewe, kwamba daktari alimweleza vizuri naye hakusikia, na kwamba hao wengine amewalea kwa kukumbuka maelezo ya daktari. Watu wakapiga makofi.

Nami nikapokea kuku. Nikasema asante, mama.

Miaka yote ile alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto wake, na aliamini hivyo kwa sababu mimi nilimwambia, kwa maneno mawili. Na siku aliposimama na kulitamka hadharani, siku ambayo ningeweza kuutua mzigo ule mabegani mwake mbele ya watu wale wale wa kijiji chake, nilichukua kuku. Sista Rispa alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakupiga makofi.

Bado yuko hai. Nimeuliza. Anakaa njia ya kwenda kwenye kinu cha kusaga, na huja hospitalini na wajukuu zake. Akisikia jina lako atakutafuta. Atakuja na mayai, au viazi vitamu, au kuku mwingine, na atakuambia jinsi baba yako alivyokuwa mtu wa maana. Pokea, usimkatae, na mwulize habari za wajukuu. Usimwambie lolote la barua hii. Nilikaa wiki nzima nikifikiri nikutume wewe, wewe una ulimi mwepesi na una huruma kuliko mimi, ungejua kulisema. Halafu nikaona kwamba ningekuwa namwachia tena mtu mwingine abebe kilicho changu.

Nitakuja mwezi wa nane, nikimaliza miadi yangu ya macho. Mama yako hajui sababu. Anadhani nitakuja kukutazama, na hilo nalo ni kweli. Nitakuomba siku moja ya mapumziko yako. Twende pamoja mpaka kwake, kwa miguu, ukiwa upande wangu wa kushoto maana goti la huko ndilo baya. Sina uhakika kama atanielewa. Huenda nikamuumiza kwa kufungua kaburi ambalo amekwisha kulisawazisha na kupanda maua. Huenda akasema, kwa adabu, "Nimeelewa, daktari," nami nisijue kamwe kama ameelewa au ameninywea kikombe kingine.

Tangu Ijumaa nimekuwa nikiandika nitakayomwambia. Nimejaza kurasa tatu na nimezichana zote, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa maelezo. Kwa nini nilikuwa na haraka. Kwa nini dripu zilikuwa chache. Kwa nini nilikuwa kijana. Yote ya kweli, na hakuna hata moja alilohitaji nimwambie siku ile.

Basi nitamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Akiuliza kitu, nitajibu alichouliza. Akinyamaza, nitakaa naye pale kwake, nami ninyamaze, mpaka atakaponiambia niende.

Ni mimi,
Baba yako